Wale kina mama wastaafu wanaocheza tenisi Wimbledon wawili wawili, ni mashindano kweli au maonyesho?

BintKikwajuni kaandika:

Assalaam alaykum nyote. Mie tenisi siijui hata punje, michezo yangu ni nage za utotoni na mpira wa pete wa skuli basi, kwa hiyo nikikosea majina mnivumilie.

Iko hivi. Juzi baada ya alasiri tumekaa ndani, mdogo wangu kaunganisha simu na tivii anatafuta mabao ya ligi, mara ikamjia video ya Wimbledon ya mwaka 2019, wanawake wanne, wawili huku wawili kule, nguo nyeupe tupu, na mmoja wao mtu mzima kabisa na miwani yake. Bi mkubwa alikuwa chini anachagua mchele akamwambia "wacha hapo hapo usigeuze". Nkajua tumekwisha, maana akianza kuwasema watu wa kwenye tivii hamalizi mpaka isha. Na kweli akaanza, mtu mzima huyu anatafuta nini uwanjani si akae na wajukuu, na jua lote hilo, na miguu wazi. Kama dakika tano hivi. Halafu kimya. Sinia kaisukuma pembeni, kajisogeza mbele, na yule wa miwani alipougusa mpira karibu na wavu ukaanguka puu upande wa pili, mwenziwe akakimbia asiuwahi, mama kajipiga paja akasema "kamzidi akili huyo!" Hakuinuka mpaka adhana ya magharibi, na wali usiku tumekula na chuya zake.

Sasa tangu siku hiyo hapana amani. Mama ana miaka 61. Miaka ya 80 alikuwa akicheza mpira wa pete timu ya kazini kwao, mlinzi wa goli, na mpaka leo akisimama mlangoni kukuzuia usitoke basi hupiti. Goti la kulia linamsumbua na sukari ipo kidogo, daktari kamwambia afanye mazoezi, anatembea asubuhi na kikundi lakini anasema kutembea ni kwa watu wenye pahala pa kwenda.

Maswali yangu. Haya mashindano hasa ni ya nini na anaingia nani? Wanashindana kweli? Maana mdogo wangu kasema ni maonyesho tu, wanaachiana pointi ili watu wafurahi, na mama kamnunia leo siku ya pili. Na la tatu kanituma mwenyewe, kasimama nyuma yangu hapa naandika: mwanamke wa umri wake hapa Unguja akitaka kushika raketi anakwenda wapi?


PwezaWaNazi kaandika:

Hahaha mdogo wako msimnunie bure. Hilo ni bonanza la maveterani kama haya yetu ya mpira, tumbo mbele jezi nyuma, dakika ya kumi watu washaanza kuulizana mapumziko bado, na mshindi anajulikana kwenye supu. Mie nshaiona video yao moja, yule mama wa Ubelgiji katikati ya mechi kamteremsha mwanamme kutoka jukwaani kamvisha sketi nyeupe akacheza nao, watu hoi kwa kicheko. Hapo utanambia kuna ushindani? Mpe salamu bi mkubwa, akae na goti lake.


MstariWaNyuma kaandika:

Bint, mwambie mama kaona sawasawa na mdogo wako hakuona kitu. Pweza ntamrudia.

Hayo yanaitwa mashindano ya mwaliko ya wanawake wawili wawili. Yanachezwa wiki ya pili ya Wimbledon, London, nyasi zile zile, wakati hawa wa sasa wanagombania robo na nusu fainali wale wanakwenda zao viwanja vya pembeni. Hakuna mtu kufuzu, hakuna pointi za ubora wa dunia, wenye klabu ndio wanaochagua nani wamwalike na wanaoalikwa ni waliokwisha kustaafu wenye majina yao. Jozi 8, makundi 2, kila kundi jozi 4, kila jozi inacheza na wenziwe wote watatu na kinara wa kundi ndio anakwenda fainali. Hapo umeona utamu wake, ukifungwa leo kesho bado unacheza, mtu hakutoka kwao na mabegi akacheza saa moja akarudishwa. Na seti, yaani vile vipande vya mechi, zikiwa moja moja hawaendi seti ya tatu nzima, wanacheza mbio za pointi 10 ndio mwisho, magoti yanaonewa huruma hapo tu.

Yule wa miwani ni Martina Navratilova. Kazaliwa 1956 Prague, piga hesabu mwenyewe, mechi ulioiona alikuwa na miaka 62. Mwenziwe alokuwa nae, yule mdogo mdogo wa mwili, ni Cara Black wa Zimbabwe, Mwafrika mwenzetu. Na kombe la mwaka huo walichukua wao, na la 2017 pia wao. Cara huyu sio wa kuokotwa njiani, Wimbledon yenyewe ya wawili wawili kachukua mara 3, 2004 na Rennae Stubbs halafu 2005 na 2007 na Liezel Huber, na hiyo hiyo 2004 kachukua na ya mchanganyiko, mwanamke na mwanamme upande mmoja, akicheza na Wayne kaka yake wa damu. Baba yao alikuwa na shamba la parachichi nje ya Harare akawalimia viwanja vya nyasi hapo hapo nyumbani, watoto watatu wote wakatoka kwenye tenisi. Mie hii habari kila nikiisikia naangalia ule uwanja wetu wa nyuma uliojaa vyuma chakavu nasema hewala.

Navratilova ana makombe makubwa, yaani ya Wimbledon, Marekani, Ufaransa na Australia, 59 ukichanganya yote, na 31 katika hayo ni ya wanawake wawili wawili. Yeye na Pam Shriver kati ya 1983 na 1985 walicheza mechi 109 hawakufungwa hata moja, zilipokatika zilikatikia fainali ya Wimbledon. Kombe lake kubwa la mwisho kachukua 2006 Marekani, mchanganyiko na Bob Bryan, umebaki mwezi atimize miaka 50. Kwa hiyo mtu huyo ukimpeleka bonanza la supu hawezi kukuachia pointi hata ukiwa mwanawe, hajui hiyo kitu inafanywaje.

Na kama mdogo wako bado anabisha mpe ya Martina Hingis. Huyu alistaafu, akaalikwa, 2011, 2012 na 2013 kachukua hilo kombe la wastaafu mara 3 mfululizo na Lindsay Davenport. Watu wanasema ahaa bibi anajifurahisha. Kumbe anapasha! Hiyo hiyo 2013 karudi kwenye tenisi ya kulipwa na 2015 kabeba Wimbledon yenyewe na Sania Mirza wa India, na ya mchanganyiko na Leander Paes. Akastaafu tena 2017. Halafu karudi tena kwa waalikwa na Kim Clijsters wakachukua 2022, 2023, 2024. Sasa Pweza nitajie veterani mmoja tu wa mpira hapa mjini aliyetoka kwenye bonanza akarudi timu ya taifa akabeba kombe. Nasubiri.

Ile ya sketi ni 2017, Clijsters na Stubbs hao. Clijsters, ndie huyo mama wa Ubelgiji, aliwauliza watu jukwaani aanzishe mpira vipi, jamaa mmoja akapiga kelele mpige wa mwilini, akamwambia haya shuka basi uje uupokee weye. Sketi ni kwa sababu pale usipovaa nyeupe huingii na jamaa nguo zake zilikuwa za rangi. Walicheka ndio, sasa mtu akicheka mechi moja ndio hajui kazi?


PwezaWaNazi kaandika:

Ya Hingis sikuijua, nimenyamaza hapo. Lakini bado nauliza, mbona wawili wawili tu? Kama wazima si wacheze mmoja mmoja tuone.


MstariWaNyuma kaandika:

Swali zuri hilo kwa mara ya kwanza leo.

Uwanja wa mmoja mmoja upana wake mita 8.23 na wote wako peke yako, mbele nyuma kushoto kulia. Wa wawili unaongezwa mbavu unakuwa 10.97 lakini mko wawili, kwa hiyo kila mtu kama mita tano na nusu hivi. Mbio zinapungua, ila kila kitu chengine kinaongezeka, maana sasa mbele yako kuna watu wawili na pahala pa kupitisha mpira padogo, lazima ujue utamwekea nani na mwenzio atakuwa wapi wakati huo na yule wa kwenye wavu anataka kuruka upande gani. Miguu inazeeka kwanza, mkono baadae, na jicho la kujua mpira unaenda wapi kabla haujapigwa hilo sijaona likizeeka. Ndio kile alichokiona bi mkubwa, "kamzidi akili". Mlinzi wa goli wa mpira wa pete anaishi kwa hiyo hiyo, kusoma mkono wa mfungaji, ndio maana kaelewa dakika tano bila kuambiwa sheria.

Halafu kuna jambo jengine ambalo mie ndio hunikalisha kuangalia wastaafu. Jana Novotna. Mwaka 1993 fainali ya Wimbledon na Steffi Graf, seti ya mwisho anaongoza 4-1, kombe kama lishapikwa linasubiri kupakuliwa, mkono ukamwingia baridi, akafungwa gemu tano mfululizo. Wakati wa kupewa zawadi yule mke wa mtukufu wa Kent, wa ukoo wa kifalme, kampa mkono, basi akamwinamia begani akalia dunia nzima inaangalia. Akaja kulichukua 1998. Sasa huyo Novotna ndie alocheza na Navratilova kwenye waalikwa wakachukua 2010, na huo ndio mwaka Navratilova alotangaza kwamba ana saratani ya matiti. 2014 Novotna kachukua tena na Barbara Schett. Wimbledon ile ile ya machozi unamuona anacheka na mwenziwe, nywele kazifunga vile vile. Novemba 2017 kafariki, miaka 49 tu. Mie nlikuwa nazo zile mechi zao kwenye simu, sikuzifuta mpaka simu yenyewe ilipokufa.


Kijana_wa_Kiwanja kaandika:

Naingia kwa sababu hii ndio kazi yangu. Niko hoteli moja huku kaskazini, nafagia kiwanja, nafunga wavu, naokota mipira, na mgeni akikosa mwenza naambiwa ingia weye. Kucheza nimefunzwa na wageni wenyewe, sina cheti.

Msimu uliopita walikuja mabibi wawili wa Kitaliana, mmoja kanambia mwenyewe ana 70, mwenziwe kafunga kitambaa gotini kama mama yako. Wakataka mechi. Nikamwita mwenzangu wa baa, kijana ana kifua hivi, nikamwambia twende taratibu tusije tukaua watalii. Yakhe, tulipigwa 6-1. Hawakukimbia hata hatua kumi. Kwanza wakawa wanatupigia katikati yetu, mie nadhani wake, yeye anadhani wangu, mpira unapita tunaangaliana kama watu waliogongwa mlango usiku. Tukapatana kwamba wa katikati wote nachukua mie, wakaacha katikati wakaanza kuanika, mpira juuu unatua mstari wa nyuma, narudi nyuma mbio nafika roho mkononi, nakuta yule wa pili kashasogea kwenye wavu ananisubiri kama mtu anasubiri maji yachemke. Hawakutupa nafasi ya kutumia nguvu zetu, ndio shida yote. Baadae kwenye juisi wakatucheka kwa Kiitaliano.

Kwa mama nasema hivi. Asianze na saruji, saruji inapiga magoti vibaya. Aende pwani maji yakitoka, ule mchanga mgumu wa karibu na maji, mfunge wavu baina ya nguzo mbili. Mchangani mpira haudundi kwa hiyo mnapigiana hewani tu, hakuna mbio ndefu na ukianguka umeanguka kwenye mchanga. Raketi msinunue mpya kwanza, mitumba zipo, ila bonyeza nyuzi kwa kidole zikiwa zinalegea kama mkeka wacha. Mshikio pia, mama wa mkono mdogo akishika mshikio mnene kiwiko kitamuuma wiki ya kwanza tu ataacha. Na mpira uliopungua upepo ndio mzuri kwa anaeanza, unakwenda pole pole. Sie hapa mipira ikilegea wageni hawaitaki tena, ipo ndoo nzima.


UmmuZahra kaandika:

Bint nimefurahi na mama yako. Mie sio mtu wa michezo lakini naongea kwa sababu najua kitakachofata, atatokea mtu aseme mwanamke mtu mzima kuruka ruka mbele za watu haifai. Mazoezi hakuna alokataza, tatizo ni pahala, mama zetu hawataki kuangaliwa na watoto wa kwenye pikipiki. Huko pwani alikosema huyo kijana ni kuzuri kwa wenye hoteli, sie wa mjini ukifunga wavu pwani saa kumi jioni unakuwa sinema ya bure.

Sasa nambieni mie naona sawa au sioni. Viwanja vya mpira wa pete vipo skuli karibu zote na vingi vina ukuta. Siku za mapumziko havina mtu. Haiwezekani kuchorwa tenisi mle mle ndani? Kina mama wakaenda asubuhi, mlango ukafungwa, kila mtu akavaa anavyotaka.

Na huko Wimbledon kwenyewe kama nimefahamu sheria ni nyeupe, haikusema fupi. Suruali nyeupe, gauni jeupe, mtandio mweupe, sie tunazo za hija kabatini.


MstariWaNyuma kaandika:

Ummu umetupita sote. Kiwanja cha mpira wa pete ni mita 30.5 kwa 15.25. Cha tenisi urefu 23.77 na upana wa wawili ni hiyo 10.97 nlosema. Kinaingia ndani na nafasi inabaki, nyuma ya kila mstari zinabaki mita tatu na kitu, kwa kijana anaepiga kwa nguvu ni kufinyika lakini kwa hawa wetu tele. Ile mistari miwili ya kukata ya pete inagawa kiwanja mafungu matatu kwa hiyo haina kazi, wavu mtauweka pale kwenye duara la katikati. Katikati ya wavu kimo ni kama sentimita 91 na pembeni 107, fundo moja la kamba mnaushusha.


KisiwaPanza_Asilia kaandika:

Waunguja mna raha, mnabishania saruji na mchanga. Sie Pemba raketi tunaiona inachungulia kwenye begi la mgeni anaepita Chake kwenda kupiga mbizi.

Ila nimekuja kwa neno moja, mwaliko. Mstari kasema pale klabu inamwita mtu, njoo ulikuwa bingwa tunakutaka tena. Maveterani wa mpira wa wanaume hapa kwetu wanaalikwa, timu ya Pemba inavuka na boti kwenda Unguja, ya Unguja inakuja Gombani, jezi zinashonwa, picha zinapigwa na mgeni rasmi anapiga penalti anakosa. Shangazi yangu mie alivuka bahari hiyo hiyo na timu ya pete ya wilaya miaka hiyo, wamelala kwenye mikeka, wamerudi na kikombe. Kikombe kiko kabatini mwa ofisi moja siitaji, nlikwenda kukitafuta nikamkuta mtu katilia kalamu ndani. Na hakuna siku aliyeitwa. Hata kuja kukaa tu kwenye kiti akaangalia. Nlimuuliza shangazi kama angelialikwa angekwenda kucheza akanambia "na nyonga hii?", baadae kidogo nshatoka nje kaniita kupitia dirishani, "kwani wameita?"


PwezaWaNazi kaandika:

Hiyo ya kalamu imeniuma wallahi.


UmmuZahra kaandika:

Na mie. Shangazi mwambie sie hatuna ofisi lakini tukipata kiwanja tunamwita.


BintKikwajuni kaandika:

Jamani ahsanteni, nimechelewa kurudi siku kumi na moja maana mambo yametokea.

Kwanza nlimsomea mama yote. Ya Novotna kanambia nisome mara mbili, akanyamaza, halafu akasema yeye pia 1986 waliongoza mabao sita na robo ya mwisho wakafungwa na hakulala siku tatu, sisi wanawe hatujapata kuisikia hiyo. Ya Cara Black kafurahi sana, sasa anamwita "mtoto wa shamba la parachichi" kama anamjua. Na mdogo wangu kasamehewa ile ya Hingis ilipomnyamazisha, ila kaadhibiwa kuwa muokota mipira.

Kiwanja tumepata. Skuli moja yenye ukuta, mwalimu mkuu ni mtu wa makamo nae alicheza pete, alipoambiwa akacheka kwanza halafu akauliza siku gani. Jumapili asubuhi saa moja mpaka saa tatu. Wavu ni wa uvuvi wa mjomba, una harufu yake lakini umekaa sawa, mistari kachora mdogo wangu kwa chokaa na kamba, upande mmoja umekwenda mshazari mama anasema ndio upande wake. Raketi tatu za mitumba, ya nne tumeazima.

Tulikuwa wanne na nusu. Mama, jirani yetu wa nyuma ambae kumbe alikuwa mfungaji wa timu pinzani miaka hiyo hiyo (walikuwa hawaongei sana, sasa nshajua kwa nini), mwalimu mkuu, mie, na jirani mwengine alokuja kuangalia tu kakaa na viatu mkononi. Mama na yule mfungaji wakawekwa upande mmoja. Ajabu ya Mungu. Mfungaji anaanika, mama kasimama kwenye wavu mikono juu kama zamani, kila kitu kinachopita pale anakigonga chini. Kukimbia hakukimbia kweli. Mie na mwalimu mkuu tumefungwa na mie nna miaka 29 naomba mnistahi. Kwenye mbio za kumi ikafika 9 kwa 9, hapo ukazuka ugomvi wa mstari, mpira umetua kwenye ule mshazari, mama anasema ndani, mwalimu mkuu anasema nje, muokota mipira akaulizwa akasema hakuona, anaogopa kununiwa tena. Ikabidi turudie.

Goti limevimba kidogo jioni, kalikanda na maji ya moto na kesho yake hakutembea na kikundi, siwafichi. Daktari nimempigia kasema apumzike siku mbili tatu, asiruke, acheze, na aangalie sukari kabla na baada. Kwa hiyo Jumapili ijayo tupo.

Sasa mama ana maswali mawili mapya. La kwanza ikiwa 9 kwa 9 anaefika 10 kashinda au lazima azidi mbili? La pili kwa nini inahesabiwa 15, 30 halafu 40, hiyo tano ya 45 kala nani?


MstariWaNyuma kaandika:

Lazima azidi kwa mbili. 11 kwa 9, 12 kwa 10, hata ikifika 20 mnaendelea mpaka mtu azidi. Hiyo tano mwambie kila anaeanza tenisi anaitafuta.


KisiwaPanza_Asilia kaandika:

Shangazi nimemwambia. Kauliza Jumapili ipi na boti ya siku gani. Nyonga hakuitaja.


PwezaWaNazi kaandika:

Bint mamangu ana 57, hajacheza kitu maishani ila anarusha viatu hakosei. Anafaa?


BintKikwajuni kaandika:

Mama kasema alete raketi yake, viatu aviache mlangoni. Na weye usije, Jumapili wanaume ni muokota mipira peke yake.


Kijana_wa_Kiwanja kaandika:

Bint, nimeomba ruhusa kwa meneja, mipira kumi na nane iliyolegea nimempa dereva wa daladala ya 116 wa mwanzo kesho asubuhi, iko kwenye mfuko wa mkate. Mwambie mdogo wako awahi stendi kabla gari haijageuza, maana yule dereva ana watoto wadogo na kashaanza kuuliza hiyo mipira inatumikaje.